Lugha Hufuata Riziki

Wako watu wanaoamini kwamba lugha ikifa, basi imekufa kwa udhaifu wake yenyewe. Kwamba maneno yake yalikuwa machache, au kwamba ilishindwa kutaja mambo ya kisasa, na kwa hiyo ikasukumwa kando na lugha iliyo bora. Sisi hatukubaliani na maoni hayo hata kidogo. Lugha hufa siku ile mzazi anapomtazama mtoto wake na kukata shauri moyoni kwamba, akimwachia lugha hii peke yake, atakuwa amemwachia njaa. Na lugha iliyolala huamka pale mzazi anapoona kwamba mtoto wake aweza kusoma kwa lugha hiyo, kuifanyia kazi, na kuishi nayo mahali pake bila kuona haya.

Twasema haya kwa sababu ya habari za nchi moja ambayo kila mtu anayejali lugha ya taifa yampasa kuzijua, nayo ni Ayalandi. Nchi hiyo imehangaika kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini kuihuisha lugha yake, inayoitwa na wenyewe Gaeilge, na ambayo sisi hapa tutaiita Kiayalandi. Imefaulu katika mambo ambayo wengi walisema hayawezekani, na imeshindwa katika mambo ambayo wengi walidhani ni rahisi. Kufaulu kwake na kushindwa kwake vyote viwili vina mafunzo.

Ayalandi ilikuwa miongoni mwa makoloni ya kwanza kabisa ya Mwingereza. Mwaka 1366, katika mji wa Kilkenny, zilitungwa sheria zilizowakataza walowezi wa Kiingereza kutumia lugha ya wenyeji. Fikirini jambo hilo: wakati ule ni mgeni aliyekuwa akivutwa na lugha ya mwenyeji, hata watawala wakaingiwa na hofu wakaona heri waweke sheria. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba Kiayalandi kilikuwa lugha dhaifu. Kilichoipindua hali hiyo ni ardhi. Katika karne ya kumi na saba vita vilifuatana na kunyang'anya. Mashamba ya wenyeji yakagawiwa wageni, na mkulima akageuka mpangaji juu ya udongo wa babu zake. Tangu hapo Kiingereza kikawa lugha ya kabaila, ya hakimu, ya karani na ya mfanyabiashara wa mjini. Kiayalandi kikabaki lugha ya mwenye jembe.

Mwaka 1831 serikali ya Uingereza ilianzisha shule za msingi nchini kote. Zilifundisha kusoma, kuandika na hesabu, na hilo lilikuwa jema; lakini zilifundisha kwa Kiingereza, hata katika vijiji ambamo watoto hawakujua neno moja la lugha hiyo. Ndipo kikaenea kile kijiti ambacho Waayalandi hawajakisahau mpaka leo. Mtoto alivikwa kijiti shingoni kwa kamba. Kila aliposikiwa akisema Kiayalandi, kijiti kilitiwa alama ya kisu. Na mwisho wa siku alama zilihesabiwa, naye akapigwa kwa kadiri ya hesabu yake. La kuhuzunisha zaidi ni kwamba alama nyingine hazikutiwa na mwalimu. Zilitiwa na baba na mama, nyumbani, kwa mikono yao wenyewe.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatashangazwa na kisa hicho. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili kutoka katika ukoloni, alieleza jinsi mwanafunzi wa Kenya aliyeteleza akasema Kigikuyu katika uwanja wa shule alivyochapwa, au alivyovikwa bati shingoni lenye maneno ya kumtukana. Ayalandi na Kenya zimetengana kwa bahari na kwa zaidi ya miaka mia, lakini kijiti cha kule na bati la huku vilikuwa na kazi moja: kumfundisha mtoto kuionea haya sauti ya mama yake.

Je, tumlaumu yule mzazi aliyekitia alama kijiti cha mwanawe? Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa, nasi twaliheshimu neno hilo. Lakini ni rahisi kulitamka neno hilo mtu akiwa ameshiba. Mwaka 1845 ugonjwa wa mimea uliozesha mbatata, ambazo ndizo zilikuwa chakula cha maskini wa Ayalandi. Njaa iliyofuata, mpaka mwaka 1852, iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kama milioni moja wakaihama nchi. Na katika miaka hiyo hiyo nafaka na mifugo iliendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza kuuzwa. Waliopigwa zaidi ni watu wa magharibi, mafukara wasio na ardhi ya kutosha, na hao ndio waliokuwa wasemaji wa Kiayalandi. Hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba waliojua lugha hiyo walikuwa wamebaki kama milioni moja na nusu, hawafiki robo ya watu wote. Kwa wale waliosalia, Kiingereza hakikuwa tena lugha ya madaha. Kilikuwa ndicho lugha ya melini, lugha ya kazi ya bandari huko New York na Boston, lugha ya barua yenye fedha inayorudi nyumbani. Mzazi alichagua uhai wa mtoto. Yupi kati yetu asingechagua hivyo? Lawama ni ya wale waliompangia mambo hata akawa hana la kuchagua ila lugha au uhai.

Hilo ndilo jambo la kwanza tunalotaka lifahamike. Kiayalandi hakikushindwa darasani. Kilishindwa shambani, sokoni na bandarini, na shule ilikuja kukamilisha kazi ambayo umaskini ulikwisha kuianza.

Harakati za kukihuisha zilianza kwa watu, si kwa serikali. Mwaka 1893, Dublin, kilianzishwa chama cha Conradh na Gaeilge, yaani Umoja wa Kiayalandi. Rais wake wa kwanza alikuwa Douglas Hyde, mtoto wa kasisi wa Kiprotestanti, aliyejifunza lugha ile kwa majirani zake, wakulima maskini wa Roscommon. Chama kilifungua mamia ya matawi. Walimu wake walizunguka kwa baiskeli kutoka kijiji hata kijiji. Madarasa ya jioni yalijaa makarani, wauza maduka na mafundi, watu ambao babu zao waliipoteza lugha na sasa wajukuu waliirudia kwa kalamu na ubao baada ya kutoka kazini.

Watu wale walifahamu pia kwamba lugha yapaswa kuonekana barabarani. Mwaka 1905 mkulima mmoja wa Donegal, jina lake Niall Mac Giolla Bhríde, alishitakiwa na kutozwa faini kwa sababu aliandika jina lake juu ya mkokoteni wake kwa Kiayalandi. Sheria ilitaka jina lisomeke, na mahakama ya mtawala iliona kwamba maandishi ya Kiayalandi hayasomeki. Wakili aliyemtetea alikuwa Patrick Pearse, ambaye baadaye alifungua shule yake mwenyewe ya lugha mbili mwaka 1908, na ambaye aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1916 kwa kuwa miongoni mwa viongozi wa maasi ya Pasaka. Kesi ile ya mkokoteni ilishindwa. Lakini kila mwenye mkokoteni nchini aliyepata habari yake alifahamu kwamba jina lake mwenyewe halikuwa halali katika nchi yake mwenyewe. Hotuba mia zisingeweza kufundisha hivyo.

Wakati huo huo ilitoka sauti nyingine, ya mtu wa wafanyakazi. James Connolly, ambaye naye aliuawa mwaka 1916, aliandika katika gazeti lake mwaka 1898 kwamba adui mkubwa wa lugha ni mfumo wa ubepari unaomkamua mtu tangu alfajiri hata usiku, na kwamba mtu mwenye njaa hafundishiki Kiayalandi. Hakuwa na chuki na wapenda lugha. Aliwaonya tu kwamba hawawezi kuiokoa lugha huku wakimwacha msemaji wake aangamie. Twaona kwamba yote yaliyofuata katika historia ya Ayalandi yamemthibitisha.

Uhuru ulipatikana mwaka 1922, nao ukaja na matumaini makubwa. Tangu tarehe 17 Machi mwaka huo shule za msingi ziliagizwa kufundisha Kiayalandi, au kukitumia kufundishia, kwa muda usiopungua saa moja kila siku. Madarasa ya watoto wachanga yakatakiwa kuendeshwa kwa Kiayalandi kitupu. Katiba ya mwaka 1937 ikakitangaza kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, na Kiingereza kikawekwa kuwa cha pili. Mwanafunzi aliyeanguka katika Kiayalandi alinyimwa cheti cha kumaliza sekondari, hata kama alifaulu masomo mengine yote. Aliyetaka kazi ya serikali ilimpasa kuonyesha kwamba anakijua.

Kwa macho ya haraka, mtu angesema: hapo lugha imekwisha kuokoka! Ina katiba, ina shule, ina mtihani. Lakini tusidanganyane. Serikali mpya ilimtwisha mtoto wa miaka minne mzigo ambao wakubwa wenyewe waliukataa. Mtoto alisema Kiayalandi asubuhi mbele ya mwalimu. Mchana akarudi nyumbani akakuta kila kitu ni Kiingereza. Bunge lilijadiliana kwa Kiingereza. Makarani walioajiriwa kwa cheti cha Kiayalandi waliandika barua za ofisi kwa Kiingereza. Benki, bandari, reli na viwanda viliendelea kama jana. Mwaka 1941 chama cha walimu wa shule za msingi kilitoa taarifa kuonyesha kwamba kufundisha kila kitu kwa lugha ambayo mtoto hana nyumbani kulikuwa kunamwumiza mtoto, na wala hakuisaidii lugha. Maonyo ya walimu hayakusikilizwa upesi. Kizazi baada ya kizazi kikatoka shuleni kikiikumbuka lugha ya taifa kama mtu akumbukavyo dawa chungu. Sharti la cheti liliondolewa mwaka 1973, na sharti la ajira ya serikali mwaka 1974, na wengi walishangilia.

Na huku mtihani ukiendelea, wasemaji wenyewe walikuwa wakiondoka. Majimbo ya magharibi ambako Kiayalandi ni lugha ya nyumbani huitwa Gaeltacht. Ni nchi ya mawe, pepo na bahari, na mashamba yake hayamlishi mtu. Katika miaka ya 1950 peke yake watu wapatao 400,000 waliihama Jamhuri ya Ayalandi, wengi wao kwenda kufanya kazi za ujenzi na viwanda huko Uingereza. Kijana wa Gaeltacht aliyekwenda kuchimba barabara London au Birmingham hakuwa na haja ya kuulizwa kama anaipenda lugha yake. Aliipenda. Lakini kazi ilikuwa London.

Hata hivyo, katika miaka hiyo ya giza lilitendeka jambo moja dogo ambalo sisi twaliona kuwa kubwa. Baada ya madai ya watu wa Connemara, ambao miongoni mwa wapiganiaji wao alikuwa mwalimu na mwandishi Máirtín Ó Cadhain, serikali mwaka 1935 ilikata ardhi nzuri katika wilaya ya Meath, si mbali na Dublin, ikawapa jamaa 27 waliotoka kwenye mawe ya magharibi. Kila jamaa ilipewa nyumba na shamba la ekari zipatazo 22. Mahali hapo paitwa Ráth Cairn. Hawakuahidiwa medali wala hawakutakiwa kufanya mtihani, walipewa udongo. Walizungukwa pande zote na watu wa Kiingereza, na wengi walibashiri kwamba lugha yao ingeyeyuka kama chumvi majini. Haikuyeyuka. Ilichukua mpaka mwaka 1967 kwa serikali kukitambua kijiji hicho rasmi kuwa ni Gaeltacht, lakini kijiji kilikuwapo kabla ya utambuzi, na mpaka leo kiko, na Kiayalandi kinasemwa huko.

Kisa cha pili ni cha mji wa Belfast, katika Ayalandi ya Kaskazini, ambako Uingereza inatawala hata sasa na ambako lugha hiyo haikuwa na katiba ya kuitetea. Vijana fulani wa tabaka la wafanyakazi, waliojifunza Kiayalandi ukubwani, walikata shauri la kuoana, kujenga na kulea watoto kwa lugha hiyo. Hawakuwa na mali. Walichanga, wakanunua kiwanja katika barabara ya Shaw's Road, na mwaka 1969 jamaa tano zikahamia katika nyumba walizojenga. Wito wao ulikuwa mfupi: usiseme, tenda. Mwaka huo huo ghasia zilipozuka na nyumba za watu katika mtaa wa Bombay Street zikachomwa moto, baadhi ya wajenzi wale wale walikwenda kusaidia kuzijenga upya. Mwaka 1971 wakafungua shule yao wenyewe. Ilianza na watoto tisa. Serikali haikutoa senti. Wazazi waliendesha shule kwa michango iliyokusanywa mlango hata mlango, mpaka mwaka 1984 ilipokubaliwa kupewa msaada wa serikali. Leo Belfast ina shule nyingi za namna hiyo, za chekechea, za msingi na ya sekondari, na mwaka 2022 sheria ya Bunge la Uingereza ilikipa Kiayalandi hadhi rasmi katika Ayalandi ya Kaskazini. Sheria ile haikuzaa shule zile. Shule zile ndizo zilizoizaa sheria.

Huko Gaeltacht nako watu waliamka. Mwaka 1969 vijana wa Connemara waliunda harakati za kudai haki za raia: kazi, barabara, uongozi wao wenyewe, na sauti yao hewani. Walipochoka kungoja, mwaka 1970 walitangaza wenyewe kwa redio yao isiyo na kibali. Tarehe 2 Aprili 1972 serikali ilifungua redio halali ya Gaeltacht, na mwaka 1996 ikafuata televisheni. Mwaka 1980 shirika la maendeleo la Gaeltacht, ambalo wajumbe wake wengi walichaguliwa na wakazi, lilianza kazi yake, likiwa na jukumu la kuleta viwanda na ajira pamoja na kuilinda lugha. Hapo kazi na lugha viliwekwa chini ya dari moja.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, shule zilizofundisha kwa Kiayalandi nje ya Gaeltacht zilikuwa hazifiki ishirini katika Jamhuri nzima. Mwaka 1973, mwaka ule ule sharti la cheti lilipoondolewa, wazazi waliunda chombo chao cha kuziunganisha na kuziongeza. Tangu hapo zimekuwa mia na ushei. Zimejengwa na wazazi, mara nyingi kuanzia katika ukumbi wa kuazima au chumba cha klabu ya mpira. Tazameni ajabu hiyo: lugha ilipokuwa ya lazima, watu waliikimbia, ilipoachwa mikononi mwao, wakaifungulia shule. Lakini mtu asiharakishe kusema kwamba lazima ni mbaya daima na hiari ni njema daima. Bila serikali kulipa mishahara ya walimu wa shule hizo, nyingi zingekwisha kufa. Ukweli ni kwamba hiari ya watu ndiyo mbegu, na fedha ya umma ndiyo mvua. Ayalandi kwa miaka hamsini ilinyeshea shamba ambalo hakuna aliyelipanda.

Sasa hali ikoje? Hesabu ya watu ya mwaka 2022 katika Jamhuri ilionyesha kwamba watu 1,873,997, yaani wanne katika kila kumi, walisema wanaweza kusema Kiayalandi. Ni hesabu ya kutia moyo. Lakini hesabu hiyo hiyo ilionyesha kwamba wanaokisema kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Katika Gaeltacht yenyewe, yenye wakazi 106,220, wanaokisema kila siku nje ya shule walikuwa 20,261. Kati ya tarakimu ya kwanza na ya pili pana shimo kubwa, na ndani ya shimo hilo wamo watu ambao shule iliwapa lugha lakini maisha hayakuwapa mahali pa kuisema.

Sheria nazo zimeongezeka. Sheria ya lugha rasmi ilitungwa mwaka 2003, na ikatiwa nguvu zaidi mwaka 2021 kwa kuweka lengo kwamba mtu mmoja katika kila watano wanaoajiriwa upya katika utumishi wa umma awe amekijua Kiayalandi, ifikapo mwisho wa mwaka 2030. Tangu mwaka 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya, na tangu Januari 2022 inatumiwa huko kwa ukamilifu, na kwa hiyo wafasiri na wanasheria wamepata mishahara kwa lugha ambayo babu zao waliificha. Twaona hilo ni jambo jema: hatimaye lugha inaanza kumlipa msemaji wake.

Lakini kule Gaeltacht, kwenye chemchemi yenyewe, adui wa zamani amerudi kwa vazi jipya. Zamani alikuwa kabaila aliyemfukuza mpangaji. Leo ni bei ya nyumba. Matajiri wa mijini hununua nyumba za pwani kwa ajili ya mapumziko ya majira ya joto, na nyumba zikakaa tupu miezi mingi, huku kijana aliyezaliwa kijijini hapo hapati kiwanja wala chumba cha kupanga. Yeye na mchumba wake huhamia Galway au Dublin, na watoto wao huzaliwa katika lugha nyingine. Unaweza kubandika vibao vya Kiayalandi katika kila njia panda. Kama wenye lugha hawana paa juu ya vichwa vyao, vibao vitabaki kuongea vyenyewe kwa vyenyewe. Ndiyo maana wapigania lugha wa Connemara na Donegal sasa wanadai nyumba kwanza. Hawajaiacha lugha. Wameielewa.

Pengine msomaji atauliza: mambo haya yamhusu nini mfanyakazi wa kiwanda cha Dar es Salaam au mkulima wa Mbeya? Yanamhusu, tena sana, kwa kuwa sisi na Ayalandi tunatazamana kama mtu na kivuli chake katika maji. Wao wana lugha iliyo na nguvu katika katiba na darasani, lakini ni dhaifu sokoni. Sisi tuna lugha iliyo na nguvu sokoni, kiwandani, shambani na kwenye mikutano, lakini inayosimamishwa mlangoni mwa sekondari. Ilituchukua mpaka mwaka 2021 kwa sheria kutamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Shule zetu za sekondari bado zinafundisha kwa Kiingereza. Na wako wazazi wengi, tena si wabaya, wanaotoa fedha wasizokuwa nazo ili mtoto wao wa miaka mitano afundishwe kwa Kiingereza na kukatazwa kusema Kiswahili katika uwanja wa shule.

Hatusemi kwamba Kiswahili kiko karibu kufa, la hasha. Kina mamilioni ya wasemaji na kinaongezeka. Wala hatusemi kwamba Kiingereza kisifundishwe. Mfanyakazi anayejua lugha mbili ana nyenzo mbili. Tunasema kwamba mzazi yule wa leo anafikiri kama alivyofikiri mzazi wa Ayalandi: anaitafuta riziki ya mwanawe, naye anadhani ameiona upande mmoja tu. Kumkemea hakutabadili neno. Tukitaka abadili nia, yatupasa tubadili mahali riziki ilipo.

Kwa hiyo wajibu wetu ni wa matendo. Mkataba wa kazi wa mfanyakazi uandikwe kwa lugha anayoisoma, na vyama vya wafanyakazi vidai hivyo, kwa sababu mtu aliyetia sahihi karatasi asiyoielewa hakukubaliana na lolote. Maelezo ya usalama wa mashine yawe kwa Kiswahili, maana mkono uliokatika haujui kutafsiri. Fomu ya benki, bima na hospitali isomwe na yule anayeijaza. Fundi mwenye ujuzi apandishwe cheo kwa kazi yake, si kwa kupimwa Kiingereza ambacho kazi yake haikihitaji. Na walimu wapewe vitabu na maandalizi kabla ya kupewa amri, ili tusije tukawatwisha watoto mzigo ambao wakubwa ofisini wanaukwepa. Kiongozi anayehutubia kwa Kiswahili asubuhi na kuandika waraka kwa Kiingereza mchana na ajue kwamba watu wanaona, na kwamba wanajifunza kutokana na waraka, si kutokana na hotuba.

Yale mambo yaliyofaulu Ayalandi yalikuwa na sura moja. Jamaa 27 zilipewa udongo. Jamaa tano zilichanga matofali. Watoto tisa waliingia darasani, na wazazi wao wakalipa mshahara wa mwalimu kwa michango ya senti. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesubiri taifa zima likubali kwanza. Na hakuna hata mmoja aliyedhani kwamba kupenda peke yake kunatosha bila nyumba, kazi na shule. Serikali ilikuja nyuma yao, mara nyingine kwa kuchelewa miaka thelathini, lakini ilikuja, kwa sababu ilikuta jambo limekwisha kusimama.

Basi kila tawi, kila kiwanda na kila shule ijiulize leo: ni wapi, katika kazi yetu hii ya kila siku, lugha yetu ingali inasimamishwa mlangoni? Na tukishapajua mahali hapo, tuanze kazi hapo hapo.